Dokta unayefungua kliniki ya meno Arusha: usisaini hiyo proforma kabla hujaongea na fundi

Dokta, usisaini. Hiyo proforma (hati ya bei kutoka kwa muuzaji) uliyoiweka hapa ukiomba ushauri, yenye skana ya mdomo, mashine ya kuchonga mataji, yaani vifuniko vya jino lililoharibika, na tanuri lake, mkopo kwa dola, "ofa mwisho Ijumaa", naijua mstari kwa mstari. Nilisaini ya aina hiyo hapa hapa Arusha mwaka 2022 na bado nadaiwa. Umeuliza mengi: fremu uchukue mtaa gani, uajiri watu wangapi, bima, matangazo ya Instagram, na mashine. Mimi nakujibu la mashine, maana ukikosea hapo hayo mengine hutayafikia.

Mashine ambayo fundi wake hayupo nchini, usiinunue. Basi. Nasema fundi, sisemi muuzaji. Muuzaji yupo kila mahali, anapokea simu hata usiku wa manane mpaka siku unapolipa. Fundi ni yule mwenye neno la siri la kuingia kwenye menyu ya matengenezo, mwenye vipuri kabatini, aliyewahi kuifungua mashine ya modeli hiyo hiyo na kuifunga ikafanya kazi. Huyo mtafute kwa jina, umpigie wewe mwenyewe, kabla hujatoa hata shilingi.

Aliyeniuzia mimi alikuja amependeza, na tableti yenye video za kliniki za Ulaya. Akakaa kwenye kiti changu cha wagonjwa akaanza: "Dokta, mgonjwa wa siku hizi hataki kusubiri. Mpe taji ndani ya saa moja, atawaleta na ndugu zake." Ubaya wa maneno yake ni kwamba nusu ni kweli. Wagonjwa wamebadilika, hilo sibishi, na nalifurahia. Zamani mtu alikuja shavu limevimba, anasema ng'oa nipumzike. Sasa anauliza bei WhatsApp kabla hajauliza mko wapi, anakuja na picha kwenye simu, anataka jino lake liokolewe, anataka mtoto wake aangaliwe hata kama hajaumwa. Hayo ni mafanikio ya miaka mingi ya elimu ya afya ya kinywa. Lakini kutoka hapo kwenda kusema mama wa Arusha anataka taji kwa saa moja ni kumsemea mtu ambaye hujawahi kumhudumia.

Ngoja nikueleze anavyolipa huyo mama. Mteja wangu mmoja anauza mitumba soko la Kilombero hapa Arusha. Gego lake tulitibu mzizi, linahitaji taji. Kwa utaratibu wa kawaida namsaga jino, nachukua alama kwa silikoni, namwekea taji la muda, analipa nusu. Alama inafungwa kwenye boksi, inapanda basi la usiku kwenda maabara ya meno Dar. Baada ya kama wiki mbili taji linarudi, na ndani ya hizo wiki mbili zamu yake ya upatu imefika, amekusanya nusu iliyobaki. Kusubiri kule ndiko kulikokuwa kunamwezesha kulipa. Siku niliyomwonyesha mashine mpya, nikamwambia kwa furaha kwamba leo leo anaondoka na taji lake, aliitazama kama mtu anayetazama mikrowevu dukani, akauliza: "Na hela yote leo leo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Dokta, ile ya kusubiri si bado ipo?"

Kwenye mahesabu ya muuzaji hakukuwa na upatu. Kulikuwa na idadi ya mataji kwa siku ambayo sijawahi kuifikia hata msimu wa watalii.

Sasa njoo kwenye kuharibika. Mashine ya kuchonga ina spindo, ile shina inayozungusha kichonga kwa kasi kubwa huku maji yakipooza. Yangu ilianza kupiga kelele nyembamba, halafu mataji yakatoka na ukingo uliomeguka, halafu skrini ikaandika namba ya kosa na kujifunga. Pua za maji zilikuwa zimeziba na chokaa. Maji yetu unayajua, birika tu la nyumbani linakuambia. Hakuna aliyeniambia siku ya kufunga mashine kwamba niweke maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi. Nikapiga simu. Muuzaji, yule yule wa usiku wa manane, akasema atanirudia. Alipokuja kupatikana, jibu likawa fundi atatoka nje ya nchi, tiketi juu yangu, hoteli juu yangu, posho juu yangu, spindo mpya juu yangu, vyote kwa dola. Nikaleta kijana wetu wa hapa, hodari kweli kwa viti na kompresa. Akafungua kifuniko, akasafisha pua, akafika kwenye programu, mlango ukagoma. Inataka neno la siri la kiwandani. Akanitazama akasema, "Mzee, chuma nakiweza, hii wameifunga wao."

Hiyo ilikuwa 2023. Unakumbuka dola ilivyoadimika mwaka ule? Mwanzoni mwa mwaka ilikuwa kwenye shilingi 2,300 na kidogo, na kufika 2024 ikavuka 2,700. Mimi wagonjwa wananilipa shilingi. Benki inataka dola. Kila mwezi marejesho yalikuwa yale yale kwenye karatasi na makubwa zaidi mfukoni, kwa mashine iliyofunikwa shuka. Katikati yake ukaja mgao wa umeme. Tanuri la kuchoma zirkonia, ile kauri ya mataji, linapanda hadi karibu nyuzi 1,500 na linakwenda kwa mzunguko wake. Umeme ukikatika katikati, ulichoweka ndani unakitupa. Jenereta ilikuwepo, lakini sekunde zile za kubadilisha zinatosha kuua mzunguko. Muulize muuzaji wako kama UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya kubeba tanuri lile imo kwenye proforma. Nimeisoma mara mbili, haimo.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko hela, nakuomba ulisome taratibu.

Muuzaji alikuwa na hoja ya pili, aliitoa akitabasamu: "Dokta, huku kila mtu ana meno ya kahawia. Umekalia dhahabu." Anazungumzia floraidi, madini yaliyomo kwenye maji. Wewe umesoma, unajua. Kuanzia Maji ya Chai kwenda Ngarenanyuki na vijiji vingi vinavyozunguka Meru, maji yana floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kama ukomo. Watoto wanakunywa wakati meno yanajengeka, yanatoka na madoa. Hao watoto wamekuwa wakubwa, wana simu, wanaona meno meupe ya wasanii, na wanakuja kwako. Kwa muuzaji, kila mmoja wao ni vinia kumi, vile vigamba vyembamba vya kubandika juu ya meno ya mbele.

Akaja kwangu binti wa chuo kutoka Usa River. Meno ya mbele ya kahawia, lakini imara, hakuna hata moja lililooza. Alizoea kucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Anataka vinia kumi, anaonyesha picha. Ili kuweka vinia kumi namna anavyotaka, nimsage meno kumi mazima, na jino ukishalisaga halirudi. Vinia hazidumu maisha, kwa hiyo ningemwanzishia safari ya kuzibadilisha mpaka uzeeni. Na nikiwa namchunguza, kioo kiko mdomoni mwake, nikajikuta nimeshapiga hesabu kwamba vinia zake ni marejesho ya mashine. Hilo ndilo linalonitisha kuhusu hiyo proforma yako. Deni la namna hiyo halikai benki, linakuja kukaa na wewe kitini, na linaanza kukuonyesha mataji pasipo na haja ya taji.

Binti yule nilimsugua tabaka la juu la enameli, lile doa lilipo, kwa asidi hafifu na unga wake, nikamng'arisha, mashimo madogo mawili nikayajaza resini. Hakuwa mweupe kama kwenye picha. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akacheka mkono ukiwa chini. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya zile vinia, na meno yake yote anayo. Kazi za namna hiyo zipo nyingi sana mkoa huu, na hazihitaji mashine ya kuchonga. Zinahitaji mikono yako na muda.

Kwa hiyo hela uliyonayo iweke kwenye vitu vinavyofanya kazi kila siku na ambavyo mafundi wake unawajua. Kompresa isiyotumia mafuta, na kama unaweza nunua mbili, maana kompresa ikilala kliniki nzima imelala. Otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, yenye kuvuta hewa, inayofika nyuzi 134, pamoja na chombo cha kukenekea maji. Mikono ya drili ya kutosha ili kila mgonjwa apate uliotoka kwenye otoklevu, usijikute unaifuta kwa spiriti kwa sababu foleni ni ndefu. Wagonjwa wa sasa wanaangalia hilo, wanauliza kabisa, wengine wanataka pakiti ifunguliwe mbele yao. Huo ndio usasa ninaouona mimi kitini. Stabilaiza kwa kila kitu. Eksirei ndogo ya jino moja moja na sensa yake, na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki uifuatilie mapema kabla hujajenga ukuta wa chumba, wana ofisi Njiro, ni karibu na wewe.

Skana siipingi. Ikiharibika inaharibika peke yake, kazi nyingine zinaendelea, na faili lake linafika maabara ya Dar au Nairobi siku hiyo hiyo bila basi. Ila uliza leseni ya programu inalipwa kila mwaka au mara moja, na usipolipa mwaka wa pili, je, inaendelea kufanya kazi au inazima. Taka jibu kwa maandishi. Mimi niliambiwa kwa mdomo.

Na huyo fundi ukimpata, muulize haya: mara ya mwisho umefungua modeli hii lini, na kwa nani? Spindo na pampu unazo kabatini au zinaagizwa? Neno la siri la matengenezo unalo wewe au wako kiwandani? Nikikupigia Jumatatu asubuhi, unafika Arusha siku gani? Halafu omba namba ya daktari mmoja aliyenunua zaidi ya miaka miwili iliyopita, siyo aliyenunua mwaka huu, umuulize yale yale.

Mpigie leo kabla ofisi hazijafungwa, urudi hapa utuambie amejibuje kuhusu spindo. Muuzaji akikataa kukupa namba ya fundi, tuandikie hilo pia, na hiyo Ijumaa yake mwache aimalizie kwingine.