Niache biashara ipi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi niko Usa River, nina miaka 38, mume wangu dereva wa malori, anaweza kukaa safarini wiki mbili mpaka tatu. Nina duka la rejareja, pembeni yake nimeweka uwakala wa pesa za simu, nyumbani kuku wa mayai 300, Jumatano na Jumamosi napeleka bidhaa gulioni Tengeru, alafu kanisani mi ndo mweka hazina wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na niko kwaya. Watoto watatu. Naamka saa kumi alfajiri nalala saa sita usiku na bado kila kitu kinanisubiri mimi. Mchungaji alihubiri Mhubiri 11, wagawie watu saba hata wanane, nikatiwa moyo kweli, wiki iliyofuata nikasoma Zaburi 127 kwamba kuamka mapema na kuchelewa kulala ni kazi bure, nikalia. Nifuate lipi? Niache biashara ipi? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni hilo neno kwamba kila kitu kinakusubiri wewe, maana nadhani tatizo lako liko hapo, wala sio kwenye idadi ya biashara.

Ule mstari wa Mhubiri unasema ugawe sehemu kwa sababu hujui baya gani litatokea juu ya nchi. Ni kweli kabisa, mwaka kideri kikipita kwenye kuku, duka ndo litalisha watoto. Lakini unachogawa ni mali, haukuambiwa ugawe mwili wako vipande saba. Kwa hiyo Mhubiri na Zaburi havigombani, vyote viwili vinakufaa.

Sasa fungua Kutoka 18. Musa amekaa kuamua kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni, foleni haiishi, mkwewe Yethro anamwangalia anamwambia jambo hili si jema, utachoka wewe na watu hawa pia watachoka. Hapo wengi tunapajua. Tunachoruka ni mwanzo wa sura, kwamba Yethro hakuja peke yake, alikuja na Sipora mke wa Musa na wale watoto wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao walikuwa wanakaa kwake. Yani familia imefika leo, kesho yake Musa yuko kazini mpaka jioni. Mi kila nikisoma hapo nawaza mzee yule aliona nini kwenye uso wa binti yake.

Dawa aliyotoa ni kwamba mambo madogo waamue wengine, yale makubwa tu ndo yaletwe kwa Musa. Na wewe kaa uandike, lipi dogo lipi kubwa. Kuuza sukari, kuokota mayai, kurudisha chenji, hayo madogo. Kukopesha mteja, kuagiza mzigo, kuongeza mtaji wa floti (ile pesa ya wakala iliyo kwenye simu), hayo yaje kwako.

Utaniambia watu wataniibia. Najua, na mimi niliogopa hivyo hivyo. Enzi zangu nauza jumla Mbuyuni, Moshi, funguo nilikuwa nafunga kwenye pindo la kanga, hakuna anayezigusa. Mama yangu akaugua kule Kibosho, nikapanda usiku nikakaa siku tatu, funguo zikiwa kiunoni. Narudi nakuta maji ya nyanya yanatiririka chini ya mlango mpaka barazani, matenga kumi na moja yote yameoza, na yule binti aliyenifanyia kazi miaka minne, anayejua bei kuliko mimi, amesimama nje na wateja. Hakusema kitu, alichukua fagio. Hasara ile hakuna mwizi aliyeifanya, niliifanya mimi.

Yethro alitaja pia watu wa aina gani, wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu, na akasema wachaguliwe katika watu wote, hajasema ndugu. Kwa hiyo mtoto wa dada yako asipewe kaunta kwa sababu tu ni mtoto wa dada yako. Alafu kuamini haimaanishi kutoangalia, Mithali 27:23 inasema fanya bidii kujua hali ya makundi yako. Kwenye uwakala ni rahisi, kama mtaji ni 1,500,000 basi kila jioni keshi jumlisha floti lazima irudi pale pale, ukiweka kamisheni pembeni, keshi 620,000 floti 880,000, mmemaliza, dakika tano. Kuku wakitoa trei 8 kila siku, siku trei zikishuka mpaka 6 uliza siku hiyo hiyo, usisubiri mwisho wa mwezi, inaweza kuwa ni ugonjwa unaanza.

Kuacha? Uweka hazina achia. Mitume kwenye Matendo 6 waliwaambia waumini wachague watu saba wasimamie mgao wa wajane na hakuna aliyewaona wavivu, kabidhi daftari na pesa mbele ya wanachama mkihesabu pamoja. Kwaya usiache, naona ndo sehemu pekee unapumua. Kwenye biashara, ikibidi iachwe moja, mi ningeanza na gulio la Jumatano, maana linakutoa dukani siku nzima.

Usibadilishe vyote wiki moja. Anza na mayai, mpe kijana daftari lake aandike trei mwenyewe, na Jumatano hiyo saa moja jioni uwe umekaa mezani na watoto, simu ya wakala umeizima.