Re: Fomu ya PDF, abiria akichagua kisiwa vijiji vibadilike vyenyewe

Ndugu yangu, umeuliza mbona fomu yako ya kubuku boti hapo Lamu yafanya kazi kwa kompyuta ya ofisi lakini mteja akiifungua kwa simu anaona tu "Please wait". Hiyo ni PDF ya XFA (aina ya fomu ya Adobe inayojibadilisha mtu akijaza), simu haziisomi, na toleo la PDF 2.0 lilivyotoka 2017 XFA ilishawekwa kando, basi usipoteze muda kuirekebisha. Kama wateja wanajaza kwa simu hamia Google Forms, tengeneza sekshini ya kila kisiwa halafu kwenye swali la kisiwa washa ile "Go to section based on answer", mtu akigusa Pate analetewa Faza, Siyu na Kizingitini peke yake, akigusa Lamu anapata Shela, Matondoni, Kipungani. Kama ni karani ndo anajaza ofisini Excel yatosha, kila orodha ya vijiji ipe jina la kisiwa chake, kisha kwenye Data Validation (sehemu ya kuweka orodha ya kuchagua) ya seli ya kijiji chagua List uandike =INDIRECT(A2), A2 ikiwa ndo seli ya kisiwa, na jina lisiwe na nafasi katikati, hapo ndo wengi wanakwama. Nauli usiziandike ndani ya fomula jamani, ziwekee shiti yake uzivute kwa VLOOKUP (fomula ya kutafuta kwenye jedwali), mafuta yakipanda unabadilisha mahali pamoja tu.