Maswali ya Wasomaji: Mtoto Jukwaani na Mbele ya Kamera

Asalaam aleikum, Mhariri. Nafundisha drama shule ya msingi. Mchezo wetu una mtoto asiyeona wala kusikia, na msichana niliyempa sehemu hiyo kila akiitwa hugeuka. Nasikia kuna mtoto wa Kimarekani aliyepata Oscar kwa sehemu kama hiyo. Alifanyaje? — *Mwalimu, Tudor*

Waaleikum salaam, Mwalimu. Huyo ni Patty Duke, aliyezaliwa New York, Desemba 1946. Mwaka 1959, kabla hajatimiza miaka 13, alianza kuigiza Helen Keller, Mmarekani wa kweli asiyeona wala kusikia, katika mchezo wa The Miracle Worker huko Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York. Anne Bancroft ndiye aliyeigiza mwalimu wa Helen, Annie Sullivan. Filamu ya 1962 iliwarudisha wote wawili chini ya mwongozaji yule yule, Arthur Penn, na Patty akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi akiwa na miaka 16.

Kabla ya kwenda kujaribiwa, alizoezwa nyumbani muda mrefu: atembee amefumba macho, apapase vyombo, kelele zipigwe asigutuke. Nawe anzia hapo. Mfunge kitambaa machoni dakika kumi, apange sahani na vijiko mezani kwa kupapasa. Kisha mfungue arudie yale yale macho yakiwa wazi, yanatazama mbele bila kulenga kitu. Asiyafumbe, akiyafumba, watazamaji watamwona kama mtu aliye usingizini.

Kugeuka akiitwa hakutibiwi kwa kukemea. Mpe vidole kazi: afungue na kufunga vifungo vya shati huku darasa zima likimwita jina. Akili ikishakaa vidoleni, masikio hutulia yenyewe. Na kwa kuwa hawezi kuonyesha kwamba amesikia zamu yake, mwenzake akanyage ubao wa jukwaa kwa kishindo karibu naye. Mtetemo huo ataupata miguuni, na mtoto asiyesikia kweli angeupata vivyo hivyo.

Kama mchezo wako una mapambano, yapange kwa hesabu, pigo baada ya pigo, kwanza polepole kabisa. Lile pambano la mezani, Annie akimlazimisha Helen ale kwa kijiko, lilichukua siku tano na kamera tatu kulipiga picha, na waigizaji wote wawili walivaa pedi chini ya nguo. Wewe tumia sahani za bati, sponji magotini, na maji yakimwagika yafutwe mara moja, maana sakafu ikilowa huteleza vibaya. Jambo moja husahaulika: mhusika huyu hasemi, anaguna na kulia tu, kwa hiyo mtoto akiumia kweli hakuna atakayejua. Wawekeeni ishara, agonge kifundo cha mkono wa mwenzake mara mbili, na mchezo usimame hapo hapo hata ukumbi ukiwa umejaa.

Kuna watu wanarekodi kipindi cha televisheni na wanamtaka binti yangu wa miaka tisa. Wamarekani huwalindaje watoto wao? — *Mama, Likoni*

Mama, ulinzi huo ulipatikana baada ya watoto kuumia. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na mchekeshaji Charlie Chaplin katika filamu ya 1921, alipofika miaka 21 alikuta mamilioni yake yametumiwa na mamake na babake wa kambo. Kesi yake ndiyo iliyozaa sheria ya jimbo la California ya 1939. Leo sheria hiyo inasema mapato ni mali ya mtoto, na asilimia 15 yawekwe kwenye akaunti isiyoguswa mpaka afike miaka 18. Mtoto wa miaka 9 hadi 15, siku za shule, hukaa kazini saa 9 tu: 5 za kuigiza, 3 za masomo na 1 ya kupumzika.

Sheria nzuri hukwepwa pia. Kipindi cha Patty Duke cha 1963 hadi 1966 kilianza kurekodiwa New York, si California, ili aweze kufanya kazi saa nyingi zaidi. Nao mameneja waliomlea walizila fedha zake.

Kwa hiyo usikubali kwa mdomo. Mkataba uandike saa ya kuanza na ya kumaliza, na kwamba malipo ni kwa siku nzima, kusubiri kukiwemo. Akilipwa kwa tukio, atashinda juani tangu asubuhi alipwe dakika tatu. Uandike nani anagharamia usafiri wa kwenda na kurudi, feri na matatu, na kwamba wewe au mtu mzima unayemwamini atakuwepo wakati wote. Dai mapema kurasa zote za maneno atakayoigiza uzisome. Akaunti ya benki iwe ya mtoto. Wakikasirika kwa hayo, bora wamkose.

Tuna wasichana wawili hodari kwa sehemu moja. Tumpe nani? — *Kikundi cha vijana, Kisauni*

Wapeni wote, kwa zamu. Matilda, mchezo wa nyimbo, ulipofika Broadway mwaka 2013 wasichana wanne walipokezana sehemu kuu, na wote wanne wakapewa heshima ya pamoja kwenye tuzo za Tony, tuzo kuu za maigizo ya Broadway. Zamu ni usiku mzima, msiwabadilishe katikati ya onyesho. Wafanye mazoezi kwa alama zile zile za chaki sakafuni, ila kila mmoja ashonewe nguo na viatu vyake.