Kwa uliyepangiwa chumba cha mwani

Kwenye vituo vya kutotolesha vifaranga vya samaki wa baharini, wengi hupenda kupangiwa matangi ya vifaranga. Chumba cha mwani huachiwa mgeni. Usinung'unike. Vifaranga wengi wa samaki hao huanza kwa kula rotifa, wanyama wadogo sana wa majini, na rotifa wanakula mwani. Mwani ukikwama, njaa itafika mpaka kwenye matangi ya waliokucheka.

Kama una nafasi ya kuchagua, anza na Tetraselmis. Ni mwani wa kijani wa seli moja, urefu wa mikromita kama 10 hivi, wenye flajela nne za kuogelea na kidoa cha rangi ya chungwa cha kuhisi mwanga. Huvumilia chumvi kupanda na kushuka, jambo linalomfaa anayejifunza. Usiwape tu vifaranga wa chaza wa siku za mwanzo. Seli ni kubwa, midomo yao haijaziweza.

Kila asubuhi, kabla hujagusa kitu, weka tone chini ya hadubini na utazame namna seli zinavyokwenda. Zenye afya hukatiza kioo kwa kasi hata jicho linashindwa kuzifuata. Mwani ukichoka, seli nyingi hupoteza flajela na kutulia chini, lakini zinabaki kijani vilevile. Kwa hiyo rangi ya tangi isikudanganye. Baadaye ndipo uhesabu. Tia iodini ya Lugol kidogo kwenye sampuli: seli zitasimama, na wanga uliomo ndani yake utageuka mweusi, utauona wazi. Hesabu zilizomo kwenye mraba mkubwa wa kioo cha kuhesabia, wa milimita 1 kwa 1, zidisha kwa 10,000, upate seli kwa mililita. Ile iodini imeongeza maji kwenye sampuli, usisahau kuipigia hesabu.

Mbolea tunayotumia ni ya Guillard, ile ya f/2: naitreti, fosfeti, madini kidogo kidogo na vitamini. Silika achana nayo, hiyo ni ya diatomu, mwani wenye ganda la silika. Vitamini zitie maji yakishapoa, maana joto huziharibu. Maji ukiyatibu kwa klorini, iondoe kwa thiosulfeti na uyapime kabla ya kupanda mbegu ya mwani. Kunusa si kupima.

Sasa rotifa. Hao hao tunaowafuga ndio adui mkubwa wa chumba chako. Wachache wakiingia kwenye tangi la mwani watazaana, na siku chache tu maji yatakuwa meupe. Mara nyingi huletwa na sisi wenyewe, kwa ndoo, wavu, mpira wa maji, hata mikono. Fanya kazi ya mwani kwanza, ya rotifa baadaye, na ukishatoka huko usirudi kwa mwani siku hiyo. Bosi akikuita urudi, mwambie ukweli. Chupa mama, zile za kutunzia mbegu ya mwani, ziwe mbili, kwenye rafu tofauti, na usizifungue zote siku moja.

Tangi likishaingiliwa, wapo watakaokwambia uchuje uendelee nalo. Usikubali. Likiue kwa klorini, limwage, lioshe, liache likauke juani, kisha anza upya kutoka chupa mama.