Siku moja Cocora: uanze na minazi au uanze na mto?

Swali: Mie mkaazi wa Wete, mwezi ujao naenda Kolombia kwenye mafunzo ya kilimo mjini Armenia. Nna siku moja tu ya mapumziko, nataka kwenda bonde la Cocora kuona ile minazi mirefu ya nta, isiyozaa nazi. Sijawahi kupanda mlima, je kimo kitanisumbua? Na njia naambiwa ni ya mzunguko, nianzie upande gani?

Jibu: Kaka, anza na minazi. Najua waongozaji wengi wanakwambia shuka mtoni kwanza, minazi uiwache mwisho, lakini wewe siku unayo moja na kule mchana mawingu yanashuka mvua ikaanza, basi ukifika juu saa 9 unaweza ukakuta ukungu mtupu na safari yote ile ukaiona miti nusu. Pili, upande wa minazi unapanda kwa barabara ya vumbi, ndefu lakini ya kistaarabu, ila ukitokea mtoni unapanda kijia cha msituni kimesimama kama ngazi ya mkarafuu, na kwa mtu wa Pemba ambako vilima ni vifupi hapo ndo pumzi inakata.

Kimo chenyewe kisikutie hofu sana. Armenia iko karibu mita 1,500, kwa hivyo mwili utakuwa ushazoea kidogo. Cocora unaanzia kama mita 2,400, na juu kabisa, pale shamba la La Montaña, unapita 2,800. Utahema tu, nenda pole pole, na kichwa kikikuuma hakiachi we geuza ushuke, usibishane nacho.

Asubuhi mapema nenda mji mdogo wa Salento, pale uwanjani kuna gari za jeep za Willys za zamani, zinangoja zijae ndo ziondoke. Beba pesa taslimu, peso, maana ardhi ile ni ya watu binafsi na njiani unalipia zaidi ya mara moja.

Mzunguko mzima ni kama kilomita 12, saa tano sita hivi. Kodi gambuti, usivae raba zako nzuri, ule upande wa mto ni matope na madaraja ya kamba na mbao yanayoyumba, pita mmoja mmoja. Sweta, koti la mvua, kofia, maji lita 2. Adhuhuri itakukuta njiani, chukua na kipande cha nailoni utandike, majani yamerowa saa zote.

Ukiwa na nguvu pinda kwenda Acaime, hifadhi iliyo msituni, kuna ndege wadogo wale wa kufyonza maua, na unapewa chokoleti ya moto na kipande cha chizi, wenyewe wanakitumbukiza humo humo kikombeni. Mie sikukipenda, jaribu mwenyewe.

Hiyo miti inafika mita 60, mnazi wetu mrefu ukiupandisha juu ya mwengine ndo unakaribia. Ukitazama uwandani utaona mikubwa tupu, midogo hakuna, kwa sababu pale ni malisho, miche ikichipua ng'ombe wanaila na jua linaiunguza, ile michanga unaikuta msituni. Usikwaruze shina kutaka ile nta iliyolifunika, ni mti wa taifa tokea 1985 na unalindwa kisheria.

Na unaposhuka kwenye jeep asubuhi, muulize dereva gari ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi.