Mtoto wa kiume au wa kike? Soma hii kabla hujauziwa siri

Tangu nijifungue mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu mfululizo, meseji haziishi, "dada ulifanyaje?", "naomba siri", "na mimi nina wa kike watupu nisaidie", na nikijibu kwamba sikufanya chochote watu wanaona nawabania. Jamani sikufanya kitu. Sikuhesabu siku, sikubadili chakula, sikulalia ubavu fulani, ile kalenda ya Kichina ya kutabiri jinsia kwa umri wa mama na mwezi wa kushika mimba sikuifungua kabisa. Ilitokea tu, na ingeweza kutokea binti wa nne vilevile.

Tuanze na namba. Duniani kwa ujumla wanazaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100, yaani asilimia 51 na ushee kwa 49 hivi kasoro. Wala si habari mpya, kuna daktari mmoja anaitwa John Arbuthnot alipitia rekodi za ubatizo za London za miaka 82, kuanzia 1629 mpaka 1710, akakuta kila mwaka bila kuruka hata mmoja wavulana ni wengi, akasema huo ni mpango wa Mungu kwa sababu wanaume wanakufa zaidi huko nje. Utafiti uliotoka 2015 ulionyesha kwamba mimba inapotunga wako sawa kwa sawa, tofauti inatokea humohumo tumboni, mimba za kike zinapotea kidogo zaidi ukijumlisha miezi yote. Kwa mtu mmoja anayepanga mtoto mmoja hii tofauti haina maana yoyote, hesabu ni nusu kwa nusu.

Na hili la nani "anasababisha" tulimalize haraka. Kromosomu ni vile vifurushi vya urithi ndani ya seli, na X na Y ndizo zinazoamua jinsia. Yai la mama lina kromosomu X siku zote. Mbegu za baba karibu nusu zina X nusu zina Y, ikifika yenye Y ya kwanza ni dume, ikifika ya X ni binti. Hii inajulikana tangu 1905, Nettie Stevens aliiona kwa kuchunguza wadudu, lakini mpaka leo kuna wanawake wanaachwa kwa kosa la kuzaa mabinti. Ila na baba naye asibebeshwe mzigo, maana hachagui ni mbegu ipi itatangulia.

Sasa swali ambalo naulizwa kuliko yote, "nina wa kike watatu, wa nne si lazima atakuwa wa kiume?" Hapana. Na wala si lazima awe wa kike. Mimba haina kumbukumbu, ni kama kurusha sarafu, ikianguka kichwa mara tatu ile ya nne haijui yaliyopita. Watu wanachanganya mambo mawili hapa. Kabla hujaanza kuzaa, nafasi ya kupata wanne wote wa kike ni 1 kati ya 16, ni ndogo kweli. Lakini wewe watatu umeshawapata, hao washahesabiwa, kilichobaki ni mmoja na yeye ni nusu kwa nusu.

Halafu tunadhani mchanganyiko ndio kawaida na jinsia moja ni mkosi, wakati ukichukua familia zenye watoto watatu karibu 1 kati ya 4 ni wa kike watupu au wa kiume watupu. Na zile za watoto wanne, wawili kwa wawili inatokea mara 6 tu kati ya 16, watatu kwa mmoja ndio inaongoza, mara 8. Kwa hiyo hata mimi na wangu watatu kwa mmoja ni familia ya kawaida kabisa, hakuna muujiza hapo. Kuna utafiti wa 2025 uliochunguza familia za manesi wa Marekani ambao umeona baadhi ya familia zinaegemea kidogo upande mmoja, na kwamba akina mama walioanza kuzaa umri umesogea wanapata zaidi jinsia moja tupu. Sawa, naupokea, ila hakuna kipimo cha kukwambia wewe umeegemea wapi, na hata wanaoegemea bado wanapata mchanganyiko kila siku.

Tuje kwenye siri zenyewe. Ile ya kulenga siku, kwamba ukikutana na mzee siku yai linapotoka unapata wa kiume na ukiwahi siku kadhaa kabla unapata wa kike, imeanza kupigiwa debe miaka ya 60 na bado inauzwa. Mwaka 1995 watafiti wakawafuatilia wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mtoto, wakapima lini hasa yai lilitoka na lini walikutana na waume zao. Kilichoonekana ni kwamba mimba inashika ndani ya siku sita zinazoishia na siku yai linapotoka, na siku uliyolenga haikubadili jinsia. Sasa cheki hasara yake, mtu anayetaka wa kike anaambiwa aziache zile siku zenye nafasi kubwa ya kushika mimba, matokeo yake mwezi unaisha hana wa kike hana wa kiume. Kalenda ya Kichina nayo ilipimwa kwa rekodi za uzazi za Sweden, zaidi ya vizazi milioni 2.8, ikapatia nusu. Yaani sawasawa na kubahatisha. Wanaojisafisha ndani na beking soda au siki nawaomba muache leo, unavuruga bakteria wazuri wa huko unajiletea maambukizi.

Mbona basi wanaouza hizi njia wana ushuhuda kibao? Hapa tulia kidogo. Chukua watu 100 wamelipia siri ambayo haifanyi kazi hata chembe. Karibu 50 watapata walichotaka, kwa sababu ni nusu kwa nusu. Hao 50 wanarudi na picha za mtoto na "asante sana dokta", zinabandikwa kwenye ukurasa wake. Waliokosa wanaona aibu wananyamaza, na wachache wanaolalamika wanaambiwa hawakufuata masharti. Mwenye akili zaidi ni yule anayetoa garantii ya kurudisha pesa, unamwona muaminifu kumbe ndiye mjanja kuliko wote, anarudishia nusu kwa roho safi na nusu nyingine anatia mfukoni, kazi yenyewe hajafanya. Mimi na dume langu ningeweza kufungua biashara kesho na ningepata wateja.

Njia ya kweli ipo, ni ya hospitali, mimba inatungwa maabara wanapima viinitete kabla ya kupandikiza. Ni ghali, inachosha mwili, na nchi nyingi zinaruhusu tu kama kuna ugonjwa wa kurithi unaofuata jinsia, mfano hemofilia, ule wa damu kutoganda vizuri. Sababu ya kubana ipo, China iliwahi kufika karibu wavulana 118 kwa wasichana 100 kwa watu kutoa mimba za kike, na India ilibidi itunge sheria mwaka 1994 ya kuzuia kupima jinsia.

Ushauri wangu basi. Kabla ya kuongeza mtoto kaeni wawili mjiulize, akija wa jinsia ileile tutakuwa na raha naye? Kama mmoja wenu anasita, subirini kwanza, maana nusu ya uwezekano ndiyo hiyo. Altrasaundi msiikimbilie mapema, wiki ya 11 au 12 bado inaweza kukosea, ngoja wiki ya 18 mpaka 20. Na ukiumia ukiambiwa majibu usijione mama mbaya. Kwa yule wa tatu mtaalamu alituonyesha vistari vitatu kwenye skrini, ndiyo alama ya binti, mume wangu akauliza "una uhakika?", akanyamaza, akauliza tena. Njiani hatukuongea. Wiki iliyofuata ndiye aliyekuwa anatafuta majina ya kike, na leo hako katoto ndiko kanakomfungulia geti.

Kelele za ndugu mwachie mwanaume azijibu. Mama mkwe wangu alipoanza habari za dawa za kupata mjukuu wa kiume, nilikaa kimya, mwanae akamwambia "mama, hiyo Y inatoka kwangu, hiyo dawa nipe mimi ninywe." Dawa haikuletwa.