Somo wa jumuiya yako alifanya kazi gani?

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki huku Kisauni, Mombasa, na kitu nilichokitunza kuliko vyote kilikuwa daftari. Kila Jumapili jioni sala ikiisha nilisimama nikasoma majina: nani ametoa mchango wa mwezi, nani bado. Nilisoma kwa sauti mbele ya watu wote, nikiamini kwamba uwazi ndio huo.

Kulikuwa na dada mmoja wa kazi aliyekuwa akija mbio akishamaliza kuwaogesha watoto wa mwajiri wake. Viti vya plastiki huwa havitoshi, naye hakuwahi kukigombea kimoja. Alivua kandambili, akazipanga sakafuni karibu na mlango, akakaa juu yake. Miezi mitatu mfululizo nilimsoma kwenye orodha ya "bado". Mwezi wa nne hakuja, na hakuna aliyemfuata.

Somo wa jumuiya yetu, yaani mtakatifu tunayeitwa kwa jina lake, ni Mtakatifu Josephine Bakhita. Kila tarehe 8 Februari, joto la kaskazi likiwa limepamba moto, tunavaa vitenge vya sare, tunaimba, tunapika pilau. Mwaka ule mwenyekiti aliniomba niandike nusu ukurasa kuhusu somo wetu, usomwe kabla ya Misa. Nikatoka kibarazani na karatasi zangu, na hapo ndipo nilipoyasoma kwa mara ya kwanza maisha ya mtu ambaye picha yake nilikuwa nimeivaa kifuani miaka yote hiyo.

Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa zaidi ya mara moja, akachanjwa mwilini na vidonda vikasuguliwa chumvi. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina la watekaji. Jirani yangu Mwislamu alikuwa amekaa pale akichambua mchicha, akaniuliza, "Bakhita? Si ndiye Bahati huyo?" Ndiye. Jina letu la kila siku. Alipopelekwa Italia akawa yaya wa binti wa familia moja. Mwaka 1889 mahakama ya huko ikatamka kwamba yu huru, mwaka uliofuata akabatizwa, kisha akajiunga na Masista wa Canossa. Tangu mwaka 1902 aliishi katika mji wa Schio. Huko alipika, akadarizi, akalinda mlango. Watoto wa shule wakipita aliwawekea mkono kichwani.

Nilipofika hapo kalamu ilinigomea. Somo wetu alikuwa yaya, tena mlinda mlango. Na sisi tuliojiita watoto wake tulikuwa na yaya amekaa mlangoni, tukamsomea deni.

Basi hilo ndilo ninalomwomba kila kiongozi wa jumuiya: usianze na miujiza ya somo wenu. Uliza alikuwa akifanya nini kutoka asubuhi hadi jioni, mikono yake ilishika nini. Miujiza tutaistaajabia tu, lakini mlango unaweza kuulinda Jumapili hii hii. Ndugu zetu wa jumuiya ya Mtakatifu Martin de Porres, yule wa Lima anayechorwa na ufagio, wana mengi ya kujiuliza kuhusu nani hufagia kanisa na nani hufagiliwa.

Sisi tulianza na daftari. Sasa mchango unatiwa kapuni kimya kimya, na kitabu anakiona mweka hazina peke yake. (Wengine walisema watu wataacha kutoa. Hawakuacha.) Halafu kila Jumapili mmoja wetu ana zamu ya mlangoni: anampokea kila aingiaye kwa jina lake, na asiyeonekana wiki mbili anakwenda kubishiwa hodi. Mimi nilianza na yule dada. Nilimkuta getini kwa mwajiri wake, amebeba mtoto kiunoni. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Nilijua mshanifuta."

Watoto wa jumuiya tuliwapeleka Kengeleni, kwenye ile kengele ya Frere Town ambayo matatu huipita kila siku bila mtu kugeuka. Katika miaka ya 1870, miaka ambayo Bakhita alitekwa, watu waliokombolewa utumwani walipewa makao pale. Watoto wakaelewa upesi kuliko tulivyoelewa sisi.

Jambo la mwisho linawahusu kina mama, na naliandika kwa uchungu. Hapa Mombasa unga, yaani heroini, umetuchukulia vijana. Mama wa teja, kijana aliyenaswa na unga, akija jumuiyani tulizoea kumwambia, "Mlilie Mungu kama Mtakatifu Monika," kisha tunakunywa chai. Tulikuwa tumeyachukua machozi ya Monika, mama wa Mtakatifu Agustino, tukaacha mengine. Agustino alimdanganya mama yake kule Kartago, akapanda meli usiku akaenda zake Italia. Monika akavuka bahari akamfuata. Alifika mpaka Milano, na alikuwa huko mwaka 387, mwanawe alipobatizwa na Askofu Ambrosi. Mwaka huo huo akafariki, Ostia, akiwa njiani kurudi nyumbani.

Kwa hiyo rozari tunaendelea kuisali, lakini mama wa kwetu hafuati peke yake tena. Mwanawe anatumia methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga, nayo hunywewa kliniki, kila siku, mbele ya muuguzi. Kijana akikosa siku chache tu, anaanza kuyumba. Tumegawana siku. Zamu yangu ni Jumanne: saa kumi na mbili u nusu nawakuta stejini, mama na mwanawe, tunapanda matatu watatu. Mama huja na mahamri yamefungwa kwenye leso, bado ya moto, na lile la kwanza humpa kijana.